Ufuko Gani Umfaao Karani wa Songwe?



Kila mwaka, wakati wa kuandika maombi ya likizo ukikaribia, husikia katika ofisi za Vwawa na Tunduma maneno yale yale: "Mwaka huu nitawapeleka watoto Dar es Salaam wakaione bahari." Neno hili ni jema, wala simlaumu alisemaye, maana hata mimi nililisema, nikalitenda, kisha nikalilipia deni miezi mitano. Lakini yafaa tushauriane, kwa kuwa siku za likizo ni 28 tu, na mishahara yetu twaijua sote.

Toka Tunduma mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900. Nauli ya baba, mama na watoto watatu, kwenda na kurudi, huimeza akiba kabla mtu hajakanyaga mchanga. Mimi nilifika Kunduchi na wanangu saa nne asubuhi, siku ya mwezi mpevu, tukiwa tumevaa vizuri na kuchukua chakula. Maji hayakuwapo! Yalikuwa yamekwenda mbali, yakaacha tope, majani, na ngalawa zilizolala ubavu. Mwanangu mdogo akaniuliza, "Baba, bahari imehamia wapi?" Mvuvi mmoja mzee akacheka, akanieleza jambo ambalo kila mtoto wa pwani hulijua: siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ya pwani ile hujaa alfajiri na alasiri, hupwa katikati ya asubuhi. Mtu akienda huko, basi, na atazame mwezi kwanza, ndipo akate tikiti.

Tugeuke sasa tutazame maji yaliyo karibu nasi. Tuna mito miwili yenye jina moja la Songwe. Mmoja huingia Ziwa Rukwa. Wa pili hufuata mpaka wetu na Malawi, ukaishia Ziwa Nyasa. Ni kama kwamba mkoa wetu, ulioanzishwa mwaka 2016, umeonyeshwa njia mbili za kwenda ziwani. Njia ya kwanza simshauri mtu. Rukwa ndilo ziwa la nyumbani, lakini kina chake ni kifupi, maji yake ni ya magadi, na mamba wake ni wengi. Tuwaachie wavuvi na wapenda ndege.

Wengine husifu Kasanga, katika Ziwa Tanganyika, palipokuwa na kituo cha Wajerumani kilichoitwa Bismarckburg. Apendaye mambo ya kale, tena atakaye kuyaona maporomoko ya Kalambo yaliyo upande ule, na aende, hatajuta. Ila hana budi kufika Sumbawanga kwanza, kisha ateremke tena mpaka ziwani.

Kwa karani mwenye watoto, mimi nachagua Matema, katika wilaya ya Kyela. Ni mwendo wa mchana mmoja kupita Mbeya na Tukuyu. Mchanga ni mrefu na laini, Milima ya Livingstone imesimama kando kama ukuta, na maji hayapwi yakamwacha mtoto akishangaa. Mchele wa Kyela na samaki aitwaye mbasa havihitaji sifa zangu. Tena upande wa Ikombe wako Wakisi, wafinyanzi mashuhuri, na vyungu vyao havina kifani. Mke wangu alinunua vitano, nikawa mchukuzi.

Walakini Matema nako kuna masharti. Toka Mei hata Agosti huvuma upepo wa mwera, ukasukuma mawimbi makubwa kuelekea kaskazini mwa ziwa. Machi na Aprili mvua ya Kyela, ambayo kwa mwaka hupita milimita 2,000, huijaza mito tope. Kwenye midomo ya mito, kama ule wa Lufilyo, mamba wapo. Mtu asiogelee hapo hata akiwaona wenyeji wakifua. Kadhalika ajiepushe na maji yaliyotulia penye matete, ambako konokono hueneza kichocho. Na baada ya majuma sita au manane aende kupimwa hospitali, hata akiwa mzima. Chandarua asikisahau, maana yeye atokaye kwenye baridi yetu atawakuta mbu wa bondeni wakimngoja.

Basi miezi iliyo bora ni Septemba na Oktoba, na hapa ndipo penye kilio changu. Katika ofisi moja niliyoitumikia, ambayo sitaitaja, miezi hiyo ilikuwa mali ya wakubwa, na makarani tuligawiwa Machi na Aprili, kana kwamba watoto wetu hawalowi. Naomba halmashauri ya chama chetu ilipeleke jambo hili mbele ya wakuu wa idara, likizo zigawanywe kwa zamu, aliyepata Aprili mwaka huu apate Septemba mwaka ujao. Jambo la pili, wanachama watakaopata zamu moja wachange wakodi gari moja mpaka Matema. Mimi natangulia kuandikisha jina langu pamoja na watoto watatu. Mke wangu asema gari hilo liwe na nafasi ya vyungu.