Tuanze kwa Penseli

Wako wenzetu wasemao kwamba hawawezi kujifunza kutengeneza kurasa za mtandao mpaka shule ipate kompyuta zaidi. Maneno hayo yana ukweli kidogo, maana kompyuta zetu ni chache na wanafunzi ni wengi. Lakini kwa maoni yangu kungoja huko ni kupoteza muhula bure. Msingi wa kazi hii waweza kuanzwa kwa penseli na daftari.

Ukurasa wa mtandao ni maandishi ya kawaida yaliyotiwa alama. Alama hizo huitwa HTML. Aliyezianzisha ni Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva, Uswisi. Alitoa shauri la mtandao wake mwaka 1989, na mwaka 1993 CERN ikatangaza kwamba watu wote waweza kuutumia bila malipo. Basi hatudaiwi hata senti moja.

Kanuni zake si ngumu. Alama hukaa ndani ya mabano yenye pembe. Ya kwanza hufungua, na ya pili, yenye mkwaju, hufunga. Aandikaye <h1>Shule Yetu</h1> amesema kwamba maneno hayo ndiyo kichwa kikuu. Alama p ni ya aya, ul ni ya orodha, na a ni ya kiungo kimpelekacho msomaji ukurasa mwingine. Ajuaye alama kumi tu aweza kuandika ukurasa mzima daftarini, na mwenzake akausahihisha. Zamu yake ya kompyuta ifikapo, ataunakili na kuutazama kwa dakika chache, hata kama intaneti imekatika.

Huenda mzazi akauliza: Kwa nini mtoto ajisumbue, ikiwa siku hizi ziko programu ziandikazo alama zote kwa kuamriwa tu? Swali hilo ni zuri. Jibu langu ni kwamba programu hukosea, na asiyejua alama hawezi kuliona kosa wala kulisahihisha.

Tena makosa mengine hayaonekani kwa macho. Watu wasioona husomewa kurasa na programu ya sauti, nayo hufuata alama. Mwandishi akikuza herufi tu pasipo kutia alama ya kichwa, msomaji huyo hawezi kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Asipoeleza picha kwa neno alt, picha hiyo kwake ni kama haipo. Asipoandika lang="sw", yaani kwamba lugha ni Kiswahili, sauti yaweza kuyasoma maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza. Je, nani atayaangalia hayo kama si sisi wenye lugha?

Kwa hiyo nawaomba walimu watupe saa moja kila juma ya kuandika HTML madaftarini, wanafunzi wa vidato vya juu wakiwafundisha wadogo zao. Kila kidato kitengeneze ukurasa mmoja wa Kiswahili kabla ya muhula kwisha, na usomwe kwa sauti ya kompyuta mbele ya wote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nasi tuiname juu ya madaftari yetu.