Kisukari na funga: katazo moja haliwatoshi wote

Kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani, katika kliniki za kisukari kuanzia Mombasa na Unguja hadi Muscat na London, huulizwa swali lile lile: je, nifunge? Jawabu la madaktari wengi ni fupi: usifunge. Mgonjwa huitikia kwa adabu, hurudi nyumbani, akafunga.

Hiyo si dhana. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13, ukiwahusisha wagonjwa zaidi ya 12,000, ulibaini kwamba asilimia 79 ya wenye kisukari cha aina ya pili walifunga siku 15 au zaidi. Miongoni mwao, visa vya sukari kushuka kwa kiwango cha hatari viliongezeka zaidi ya mara saba.

Ni rahisi kuwalaumu wagonjwa kwa ukaidi. Lakini katazo linalotolewa kwa wote halimgusi yeyote. Anayemeza metformin peke yake ni nadra sukari yake kuporomoka. Anayemeza glibenclamide yumo katika hatari nyingine kabisa, kwa kuwa dawa hiyo hulisukuma kongosho kutoa insulini hata tumbo likiwa tupu. Mitaani zote mbili huitwa vidonge vya sukari.

Mjini London, wagonjwa 111 walifuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010. Waliohudhuria mafunzo kabla ya Ramadhani, kuhusu chakula, kazi za mwili na kujipima, visa vyao vya sukari kushuka vilipungua kutoka 9 hadi 5. Kwa wasiohudhuria vilipanda kutoka 9 hadi 36. Idadi ni ndogo, wala watu hao hawakugawanywa kwa kura, lakini tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2021 na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari pamoja na wataalamu wa kisukari na Ramadhani unataka kila mgonjwa apimwe kwa alama zake mwenyewe: aina ya ugonjwa, dawa, hali ya figo, kazi anayoifanya, hata urefu wa saa za kufunga. Sukari ikishuka chini ya miligramu 70, au ikipanda kupita 300, afungue papo hapo, hata kama imebaki robo saa kwa adhana ya magharibi. Nako kutoboa kidole ili kujipima hakubatilishi funga.

Kwenye karatasi mambo ni mepesi. Katika Afrika Mashariki, wengi hununua vijiti vya kupimia kwa fedha zao, na muuguzi mmoja hukabili foleni ndefu. Mgonjwa huambiwa apunguze wanga, ilhali futari yenyewe ni mihogo ya nazi, viazi vitamu, kaimati na uji. Tena huliwa katika sinia moja na jamaa wote. Nani atapima sehemu ya nani? Mpishi wa nyumba, ambaye aghalabu ndiye mwenye uamuzi, haitwi kliniki.

Mwongozo huo unataka tathmini ifanyike wiki sita hadi nane kabla ya mfungo, yaani tangu Rajabu. Kwa mgonjwa anayepangiwa miadi kila baada ya miezi mitatu, huenda zamu yake ikafika siku ya kumi ya Ramadhani.