Usituambie "Acha Mawazo"

Kuna dawa moja inagawiwa bure hapa Nakivale. Haina foleni, haiishi stoo, na kila mtu ni daktari wake. Inaitwa "acha mawazo".

Mama amezika mtoto: acha mawazo. Kijana ana mwaka wa tisa anasubiri jibu la kesi: acha mawazo. Baba aliacha shamba na ng'ombe kule Masisi, leo anapanga mstari kwa ajili ya sabuni: mzee, acha mawazo, utapata presha. Tukishasema hivyo tunanyanyuka, tunakung'uta suruali, tunaenda zetu. Mgonjwa anabaki na mawazo yake, na sasa ana aibu juu yake, maana ameambiwa ni yeye ndiye anayakumbatia.

Mimi nasema dawa hii imepitwa na muda. Tuitupe.

Kwanza, kuwaza siyo uvivu wala ukaidi. Mtu akihisi hatari, mwili wake unamwaga homoni, adrenalini na kotisoli. Moyo unaenda mbio, misuli inakaza, tumbo linafunga, usingizi unakimbia. Usiku ule wa risasi, kazi hiyo ndiyo ilitupa miguu ya kukimbia. Lakini hapa hatari haina siku ya kwisha: leo ni chakula, kesho ni karo, keshokutwa ni habari za nyumbani kwenye simu. Mwili unabaki umesimama kama mlinzi asiye na wa kumpokea zamu. Ndiyo maana watu wanaenda kituo cha afya na kichwa, na mgongo, na "vidonda vya tumbo" visivyoonekana, wanarudi na panado. Hawadanganyi. Mwili unasema kile mdomo umekatazwa kusema.

Na siyo watu wawili watatu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio yake: katika nchi zilizopitiwa na vita, mtu 1 kati ya 5 ana ugonjwa fulani wa akili, kuanzia sonona na wasiwasi hadi ile mikali zaidi. Angalia benchi unalokalia kanisani. Mkiwa kumi, hesabu mwenyewe.

Pili, tuongee juu ya salamu yetu. "Eh, umekonda sana! Iko nini?" Tunaisema barabarani, mbele za watu, tukidhani ni upendo. Kwetu mwili mnene ni ushahidi kwamba mambo yako sawa, na mwembamba ni mshtakiwa: labda ana njaa, labda ana "ule ugonjwa", labda bwana amemchoka. Basi wanawake wetu, hata wasichana, wananunua vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa sokoni kimyakimya. Vingine ni dexamethasone, dawa nzito ya hospitali. Ukiimeza muda mrefu bila daktari, uso unakuwa wa duara kweli, watu wanakusifu, huku sukari na presha zinapanda, mifupa inalegea, kinga inashuka. Ukiikata ghafla, mwili unaweza kuanguka kabisa. Tunamwambia mtu aache mawazo, halafu tunamwongezea wazo jingine kila anapopita mlangoni mwetu. Mtu akikonda na unamjali, mfuate nyumbani, umuulize polepole. Usimtangaze sokoni.

Tatu, na hapa najua wengine watanuna: maombi. Sipigani na maombi. Bila kwaya, bila swala, bila jirani aliyepiga magoti nasi, wengi tungekuwa tumekwisha zamani. Napigana na mtu anayemfungia mgonjwa chumbani siku tatu bila maji, anayemwambia mwenye kifafa atupe vidonge vyake ili aonyeshe imani, anayeita kila machozi pepo na kila kukosa usingizi uchawi. Huyo hajasoma kitabu anachokibeba. Eliya alikaa chini ya mti akaomba afe. Malaika hakumkemea, hakumfunga kamba. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena. Safari ilikuja baadaye. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila neno. Makosa yao yalianza pale walipofungua mdomo kumweleza kwamba ana dhambi. Na ndugu zetu Waislamu wanao Mwaka wa Huzuni, mwaka ambao Mtume aliwapoteza Bibi Khadija na ami yake Abu Talib. Huzuni ile ilipewa hata jina. Nani atasema ilikuwa ni kukosa imani?

Nne, wenye magari nao wasitabasamu. Semina ya nusu siku ya "kupunguza msongo", soda moja, karatasi ya kusaini, picha ya pamoja, halafu kwaheri hadi mradi mwingine: hiyo nayo ni "acha mawazo", ila imevaa koti lenye nembo. Mwaka 2025, watu karibu milioni moja hapa Uganda waliondolewa kwenye msaada wa chakula. Mtu ambaye sufuria yake iko tupu hana ugonjwa wa kuwaza. Ana sababu ya kuwaza. Usimfundishe kupumua kwa tumbo kabla hujauliza kama tumbo hilo limekula.

Sasa mtaniuliza: basi tufanye nini, tuwaache wawaze? Hapana. Zimbabwe wanalo neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ni lilelile letu. Mwaka 2006, mtaani Mbare, Harare, Daktari Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 wa mtaa na benchi nje ya kliniki. Bibi hakwambii uache kuwaza. Anakuuliza: katika haya yote, tuanze na lipi? Mnachagua moja, mnatafuta hatua ndogo, unarudi wiki ijayo kueleza imekwendaje. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi na bado wana dalili za sonona walikuwa kama 14 kwa 100. Kwa wenzao waliopata huduma ya kawaida, ilikuwa nusu. Na hapahapa Uganda, Rhino Camp, jaribio la wanawake karibu 700 wa Sudan Kusini lilionyesha kwamba mikutano mitano tu, yenye sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha, ilipunguza dhiki yao kwa miezi iliyofuata. Walioongoza hawakuwa madaktari.

Mabibi tunao. Mabenchi tunayo. Kinachokosekana ni kukubali kwamba hili ni jambo la kweli.

Kwa hiyo nadai, na ninyi mdai pamoja nami. Wachungaji na maimamu: tangazeni mimbarini, kwa maneno wazi, kwamba vidonge na maombi vinakaa meza moja, na mgonjwa asifungwe wala kunyimwa maji. Viongozi wa vijiji: mtafute wamama na wababa wanaojua kutunza siri, wafundishwe kusikiliza, wapewe mahali pa kukaa. Mashirika: lipeni mkalimani wa Kiswahili, Kirundi na Kinyabwisha kwenye chumba cha mshauri, maana hakuna mtu analia kwa Kiingereza cha kuazima. Na ukiona jirani halali, hali, anasema amechoka kuishi, usimwache peke yake usiku huo. Asubuhi mpeleke kituo cha afya na uingie naye hadi ndani.

Na wewe unayesoma, mara nyingine ulimi ukitaka kusema "acha mawazo", uume. Vuta kiti. Sema, "Niambie." Halafu nyamaza, hata kama ni saa nzima.