Usuli wa Mhusika si Pambo
Ndugu washairi, siungi mkono dai kwamba katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, kama Dungeons & Dragons, usuli wa mhusika ni pambo la utangulizi. Hapa Kisesa, Makumbusho ya Bujora yanalikanusha. Mcheza ngoma wa Bayeye hamshiki chatu kwa sababu ameandikiwa “jasiri”. Chama chake kimemfunza tabia za nyoka na dawa za sumu yao. Mchezaji akimchagua mtu huyo, kisha mwongoza mchezo asimletee nyoka hata mmoja, amedhulumiwa. (Kwa kosa hilohilo nilikata alama tamthiliya za wanafunzi.) Acheni mwenzake aumwe, dadu zirushwe: ataitoa siri ya chama, au atamwacha afe?