Bastola ya Kale Bado ni Bastola

Wapo watu katika Marekani na Ulaya ambao siku za mapumziko huwasha moto majumbani mwao, wakayeyusha risasi katika chungu cha chuma, wakaimimina ndani ya kalibu, na kutoa humo vipande vyenye umbo la pia. Vipande hivyo ni vya kulisha bastola za fataki, yaani zile za silinda zilizotumika kabla ya kuenea kwa risasi za ganda. Nyingi ya bastola hizo wala si za kale. Ni nakala zinazotengenezwa Italia, hasa katika bonde la Trompia karibu na mji wa Brescia. Wenyewe huiita kazi hiyo burudani, na wengine wamethubutu kuiita hifadhi ya historia. Dai hilo halina budi kupingwa.

Haikanushiki kwamba kazi yenyewe inataka ufundi. Madini ya risasi huyeyuka yafikapo nyuzi 327 za Sentigredi, na lazima yawe laini, yasiyochanganywa na kitu kigumu, kwa sababu ni wenzo mdogo ulio chini ya mtutu unaoisukuma risasi kwa nguvu ndani ya tundu la silinda. Kalibu ikiwa baridi, risasi hutoka na makunyanzi. Ikiingizwa upande, haiendi inakoelekezwa. Kisha hupakwa nta na mafuta ya mnyama. Yote hayo ni kweli, lakini ustadi wa mhunzi haujapata kubadili kazi ya mkuki.

Samuel Colt alipata hataza yake ya Marekani mwaka 1836. Kalibu zilizouzwa pamoja na bastola zake kwa kawaida zilikuwa na matundu mawili, moja la kutoa gololi na la pili la kutoa pia. Upana wa vitu hivyo viwili ni karibu sawa, ila pia ni ndefu na nzito zaidi, nayo huchukua nafasi ambayo ingejazwa baruti. Mashabiki wa leo hubishana bila kuchoka juu ya ipi kati ya hizo mbili inapiga shabaha vizuri zaidi. Ni ajabu kwamba katika ubishi huo wote hawajiulizi kwa nini tundu la pili lilichongwa. Uzito ule haukuongezwa kwa ajili ya kutoboa karatasi.

Jibu limechorwa juu ya silaha yenyewe. Mwaka 1844, huko Texas, kikosi kidogo cha walinzi wa walowezi kikiongozwa na John Coffee Hays kilipambana na Wacomanche kwa bastola za Colt. Kabla ya hapo mpiganaji wa Kicomanche aliweza kufyatua mishale mingi wakati mlowezi akihangaika kushindilia bunduki yake upya. Bastola ya silinda iliufuta uwezo huo wa kujitetea, na ardhi ikaenda na ushindi. Colt aliona fahari. Bastola yake kubwa ya mwaka 1847, iitwayo Walker, ilichongwa kwenye silinda picha ya walinzi hao wakiwafyatulia risasi wenyeji waliopanda farasi. Mnunuzi wa nakala yake leo huigeuzageuza silinda ile mkononi na kuisifu nakshi. Hifadhi ya historia gani hiyo, inayompa mtu picha ya mauaji ikamwachia aione kuwa ni pambo?

Sheria nayo imeshirikiana na uongo huo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 ya kudhibiti silaha inaziweka bastola hizi, pamoja na nakala zake, katika fungu la silaha za kale, nje ya masharti yanayozibana bunduki nyingine. Isipokuwa kwenye majimbo yenye masharti yake, mtu anaweza kuiagiza kwa posta kama anavyoagiza viatu. Hata aliyekwisha kuhukumiwa kwa kosa kubwa, ambaye sheria hiyo ya taifa inamkataza kuwa na bunduki, kwa hii haimkatazi.

Waafrika wanayo sababu ya kuitazama hoja ya silaha ya kale kwa jicho kali, maana ilikwisha kutumika juu yao. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels, Marekani ikiwamo, yalitia saini mkataba uliozuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kwa kisingizio cha kukomesha biashara ya watumwa. Zilizoruhusiwa ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo mtutuni, pamoja na baruti ya kawaida. Hizo zilihesabiwa kuwa za kale, hivyo hazina hatari kwa bwana. Ndiyo sababu mwaka 1905 wapiganaji wa Maji Maji walitoka na mikuki na magobore kuyakabili majeshi ya Wajerumani yenye bombomu. Na hadi leo mkulima wa Tanzania akikutwa na gobore asilo na kibali hutiwa mbaroni kwa kumiliki silaha. Hakuna polisi anayemwambia kuwa kitu chake ni cha makumbusho, na polisi hao wako sahihi. Kwa nini basi chuma kinachoua Morogoro kihesabiwe mchezo Missouri?

Kiswahili kinaita risasi yale madini na kile kinachotoka mtutuni, na neno hilo moja linatosha kuwaaibisha wanaoyeyushia jikoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo huifyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Vumbi la takataka zinazoenguliwa juu ya chungu huganda kwenye nguo na kuingia hadi kitandani mwa mtoto. California ilikwisha kupiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji wote tangu Julai 2019, kwa sababu zilikuwa zikiwaua tai wakubwa waitwao kondori. Ndege amepata mtetezi. Kifungu cha mwaka 1968 kinachoziacha bastola hizi na nakala zake huru bado kimo kitabuni, na kinapaswa kufutwa.