Jino Halitaoza, Lakini Ufizi Je?

Jino la kupandikizwa halitoboki wala halioozi, na sifa hiyo ndiyo inayowaponza wengi walio nalo. Mgonjwa aliyekwisha kulipa fedha nyingi hujiona ameagana na daktari wa meno. Naye daktari, mara nyingi mno, humwacha aondoke na imani hiyo.

Kinachougua si titani, bali ufizi na mfupa ulioishika. Jino la asili hushikiliwa na nyuzi laini zinazounganisha mzizi na mfupa wa taya, nazo husaidia kuzuia maradhi yasishuke. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Mfupa umeshikamana nacho moja kwa moja. Ukoga ukiachwa shingoni mwake, ufizi huvimba, kisha mfupa huanza kuliwa, aghalabu pasipo maumivu yoyote. Damu inayotoka wakati wa kupiga mswaki ni ishara ya mapema, nayo ndiyo inayopuuzwa. Kipandikizi kikifika kutikisika, kwa kawaida hakiokoleki tena.

Maagizo ya siku za mwanzo hayana utata: kutosukutua kwa nguvu siku ya kwanza, chakula laini, maji ya chumvi kuanzia siku ya pili, sigara kando. Wagonjwa huyafuata, kwa kuwa kidonda kinawakumbusha. Uzembe huanza kidonda kikishapona.

Nao ni uzembe wa kuepukika. Gösta Larsson, aliyewekewa vipandikizi na Brånemark nchini Uswidi mwaka 1965, alivitumia hadi alipofariki mwaka 2006.

Kwa hiyo, kliniki inayotaja bei ya kipandikizi bila kutaja gharama ya uangalizi inauza nusu ya tiba. Mgonjwa ana haki ya kujua kabla ya upasuaji kwamba atahitaji mswaki mdogo wa kupitisha kati ya meno kila siku, na kukaguliwa walau kila miezi 6. Mwenye kisukari, mvutaji wa sigara au aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa ufizi, mapema zaidi. Picha ya eksirei ipigwe siku jino la juu linapofungwa, maana bila hiyo hakuna wa kusema baadaye mfupa umepungua kiasi gani. Tena apewe kadi yenye jina la mtengenezaji na ukubwa wa kipandikizi. Skrubu za watengenezaji hazilingani, na mgonjwa aliyehamia mji mwingine bila kadi hiyo humlazimu daktari mpya kubahatisha.