Mwambie muuzaji akate usukani upande wa pili

NYUMA YA USUKANI
Na Zuhura Mkwizu

Karibu kila picha ya gari linalouzwa mtandaoni hupigwa kwa mtindo mmoja. Mpigapicha husimama kwenye pembe ya mbele, na kabla hajapiga, usukani hukatwa upande wa mbali naye. Akiwa mbele kushoto, magurudumu yanatazama kulia. Hapo uso wa rimu unamgeukia, chuma chote kinang'aa, na mpira unabaki utepe mwembamba mweusi ukingoni. Wapigapicha wa magari dunia nzima hufanya hivyo, na kwa tangazo la kiwanda hakuna ubaya. Lakini kwa anayetafuta Mark X au Crown iliyotumika Japani, yenye rimu za inchi 18, picha hiyo inaficha kitu cha kwanza anachopaswa kukikagua.

Kinachofichwa ni upande wa ndani wa tairi. Gari lililoshushwa, au lenye bushi zilizochoka na magurudumu yasiyopangwa sawa, mara nyingi hula tairi kwa ndani. Kwa nje unaona mifereji mizima, kumbe upande unaotazama injini umeshakuwa kipara, pengine nyuzi za chuma zimeanza kuchungulia. Nundu nazo huweza kuota huko huko. Gari likiingia kwenye shimo kwa kasi, mpira hubanwa kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu, nyuzi za ndani ya ubavu hukatika, na upepo husukuma mpira nje pale palipokatika. Tairi lenye nundu halina ukarabati. Ni la kutupa, na anayekuambia litavumilia hadi Dodoma anacheza na maisha yako.

Matairi ya ubavu mfupi yanaumia zaidi, na hesabu yake iko wazi. Chukua tairi la 195/65R15 na la 225/45R17. Ukiyasimamisha pamoja yanalingana urefu, kila moja lina kipenyo cha milimita 634 hivi. Ila la kwanza lina ubavu wa karibu milimita 127, la pili 101 tu. Sentimita mbili na nusu za mpira zimetolewa, nafasi yake ikachukuliwa na chuma. Barabara za lami safi hazitakukumbusha hasara hiyo. Za kwetu zitakukumbusha.

Sasa mwambie muuzaji akate usukani kuelekea upande uliosimama wewe, mpaka mwisho. Ukiwa kulia, kulia. Sehemu ya mbele ya tairi itachomoza nje ya madigadi, na utauona uso wote unaokanyaga barabara, toka ukingo wa nje hadi wa ndani. Kisha zunguka, akate kushoto, ukague la pili. Faida ni kwamba gurudumu lililo upande wa kona ndilo linalokatika zaidi. Ili magurudumu yote mawili yazunguke kitovu kimoja bila kuburuzana, la ndani ya kona lazima ligeuke zaidi kuliko la nje. Mtengeneza magari ya farasi wa Munich, Georg Lankensperger, alibuni mpango huo mapema karne ya 19, na Rudolph Ackermann akausajili London mwaka 1818, ndiyo maana mpaka leo unaitwa kwa jina la Ackermann. Kwa gari lenye mita 2.6 kati ya ekseli na mita 1.5 kati ya magurudumu, la ndani likifika nyuzi 35, la nje linatakiwa kuwa kwenye nyuzi 26 au 27.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hushtuka. Tairi lililokatwa hivyo huonekana limelala, juu limetokeza nje kama lililovunjika mguu, na kuna mafundi wasio waaminifu wanaoutumia mshtuko huo kuuza vipuri. Usiogope. Mhimili ambao gurudumu hugeukia haukusimama wima: juu umeegemea nyuma, na umeegemea pia ndani ya gari. Kwa gurudumu la ndani ya kona mielekeo hiyo miwili husaidiana kulilaza nje. Kwa la nje ya kona hupingana, hivyo halilali sana, na kwenye magari ambayo mhimili umeegemea nyuma kwa wingi, kama Mercedes-Benz nyingi, juu yake huingia ndani kidogo. Ndiyo sababu gurudumu la karibu katika picha za matangazo huonekana limekaa kispoti. Mlalo huo upo hata kwenye tairi la ubavu mrefu, ila mpira mnene huumeza. Rimu kubwa yenye ukingo ulionyooka huuweka wazi. Cha kukutia wasiwasi ni gurudumu linaloendelea kulala usukani ukiwa umenyooka, au pande mbili zisizofanana zikikatwa kwa kiasi kilekile.

Tairi likiwa limegeuzwa, soma pia tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT. Zikiwa 2318, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tarakimu hizo mara nyingi huandikwa ubavu mmoja tu, na likifungwa zikiwa ndani huzioni mpaka usukani ukatwe. Upepo usiupime kwa macho. Ubavu mfupi ni mgumu, haubonyei kwa namna ya kukuonya hata upepo ukipungua vibaya. Tumia geji, asubuhi kabla gari halijatembea, na ufuate kiwango kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Ninawaomba wenye yadi na madalali waongeze picha mbili kwenye kila tangazo: tairi la kulia usukani ukiwa kulia mpaka mwisho, na la kushoto ukiwa kushoto. Mnunuzi wa Kigoma anayetuma malipo ya awali Dar es Salaam kabla hajaligusa gari anastahili kuziona kabla pesa yake haijatoka.